Kibati cha Meza ya Nne

Chumba cha anatomia kilikuwa na meza kumi na mbili za chuma, na juu ya kila meza alilala mtu aliyeamua mwenyewe, akiwa hai na mwenye akili timamu, kwamba akifa mwili wake utumike kufundishia. Wanafunzi wa mwaka wa pili hawakuambiwa majina. Waliambiwa umri, chanzo cha kifo na namba ya meza, basi. Wa Meza ya Nne alikuwa mwanamume wa miaka sabini na moja, moyo. Wa Meza ya Saba alikuwa mwanamume wa miaka sitini na tisa, mapafu.

Mkubwa wa chumba alikuwa Profesa, mwanamke mfupi asiyerudia swali. Lakini mwenye funguo alikuwa fundi wa maabara, na yeyote aliyewahi kufanya kazi mahali penye milango anajua nani kati ya hao wawili huombwa kwa adabu zaidi. Wanafunzi walimwita Mjomba Uzi, naye aliwaita wote wapwa zake, hata wale wawili wenye mvi waliorudi shule ukubwani. Siku ya kwanza ya muhula aliwapa sheria moja tu.

"Mtu huyu ameingia mzima, atatoka mzima. Hata ukucha ukikatwa, unawekwa kwenye ndoo ya meza yake. Nina miaka thelathini na moja humu ndani, sijapoteza kidole."

Jina la Uzi lilitokana na kazi yake ya ubongo. Ubongo ukitoka fuvuni ni laini kama sabuni iliyolala majini. Ukiuacha ukae kwenye kitako cha ndoo, hubonyea na kuchukua umbo la ndoo. Kwa hiyo Mjomba alipitisha uzi chini ya ateri moja, nene kama njiti ya kiberiti, inayopanda mbele ya shina la ubongo, kisha akauning'iniza ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, juu chini kama popo, mpaka ukakakamaa. Kwenye uzi huohuo alifunga kibati chenye namba ya meza. Anayetoa uzi ametoa na jina. Ndiyo maana hakuna aliyeruhusiwa kuutoa ila Mjomba mwenyewe, na daftari la chumba lilidai kila mara liandikwe: ubongo umetoka saa ngapi, umerudi saa ngapi, uzi umeguswa au haujaguswa, saini.

Aliyeutoa alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemdhania. Wenzake walimwita Rula, kwa sababu mfuko wa koti lake jeupe haukukosa rula fupi ya chuma ya mama yake, fundi cherehani, na kwa sababu alipima kila kitu. Wengine wakiandika "ini kubwa", yeye aliandika urefu, upana na kina. Daftari lake la upasuaji lilibeba alama thelathini katika mia za somo zima, na darasa zima lilijua kwamba zote thelathini ni zake.

Ilikuwa Jumatatu ya wiki ya marudio, saa nne asubuhi. Miili ilikuwa imeshashonwa na kuhamishiwa chumba cha baridi. Alhamisi ingekabidhiwa kwa jamaa wakazike. Bongo zilibaki ndooni hadi Jumatano ili wanafunzi wazitazame, kwani Jumatatu iliyofuata kulikuwa na mtihani wa vituo: unatembea kutoka kituo hadi kituo, kwenye kila kituo kuna pini imechomekwa mahali, una dakika moja kusema pini iko wapi na pakiharibika mtu atapoteza nini.

Rula alitaka kulinganisha mishipa ya kitako cha ubongo. Kitabu huichora kama pete kamili, lakini kwa watu wengi pete hiyo ina pengo au upande mmoja mwembamba, na Profesa alipenda kuchomeka pini palipo na pengo. Nyuzi zilipita juu ya sehemu ileile aliyotaka kuiona. Mjomba alikuwa ametoka kwenda kupokea maboksi ya glavu.

"Dakika tano," Rula alimwambia mwenzake wa meza, kijana aliyeitwa Redio kwa kuwa alizaliwa bila kitufe cha kuzimia.

"Mjomba akikukuta utaning'inizwa wewe."

"Nishikie trei."

Alikata uzi wa ubongo wa Meza ya Nne, akakata na wa Meza ya Saba, akazilaza bongo mbili ubavu kwa ubavu katika trei moja pana. Vibati aliviweka juu ya meza, nje ya trei, kila kimoja mbele ya ubongo wake. Alikuwa mwangalifu mahali pote isipokuwa hapo. Aligeuka kwenda kuosha kibanio kwenye sinki, na aliporudi Redio alikuwa anaitazama ile mishipa kwenye mwanga wa dirisha.

"Umeigeuza trei?"

"Kidogo tu, ipate mwanga."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ah, Rula! Kidogo. Halafu nikairudisha. Nadhani."

"Nadhani ni kiasi gani?"

Redio akaikagua trei upande huu, kisha upande ule. Trei ilikuwa ya mstatili, pande zake mbili zikifanana kama ndugu pacha. Ikigeuzwa nusu mzunguko, wa kushoto huwa wa kulia na kibati humtazama asiye wake.

Kwenye korido viatu vya Mjomba vilisikika, kimoja kikiburuta kama kawaida yake. Rula alipitisha uzi mpya, akafunga kila kibati kwa ubongo uliokuwa mbele yake, kwa fundo la Mjomba ambalo alikuwa amejifunza kwa kulitazama, akazirudisha bongo ndooni. Kisha akafungua daftari la chumba na kuandika, kwa mwandiko wake wa kawaida: *uzi haujaguswa*. Akatia saini.

Siku hiyo yote aliitafuta njia ya kujua. Bongo mbili hazikufanana, hilo lilikuwa wazi. Swali lilikuwa ipi ilitoka kichwa kipi. Kwenye daftari lake, siku ya kutoa ubongo, wa Meza ya Nne ulikuwa na gramu elfu moja mia tatu na kumi. Wa Meza ya Saba, kwa daftari la wenzake, elfu moja mia tatu na tano. Formalini huongeza uzito zaidi ya gramu tano, tena si kwa kila ubongo sawasawa, kwa hiyo mizani haikuwa na la kusema. Picha zilikatazwa chumbani. Wanafunzi wa Meza ya Saba walipoulizwa kijanja, bila kutajiwa sababu, kila mmoja alisema aliyeutoa ni mwenzake. Na kwenye Meza ya Nne, sehemu ya mbele, penye neva za kunusa na za macho, ilikatwa na Redio.

"Ulikata vipi?"

"Vizuri."

"Neva ya macho ya kulia ilibaki ndefu au fupi?"

"Rula, mimi ni redio. Redio husema, haikumbuki."

Rula alikuwa ameupima uzito ubongo uliotoka kwenye lile fuvu. Hakupima neva zilipokatwa, wala kilichobaki ndani.

Walikaa kwenye ngazi za nje ya maabara, na Redio, akiwa rafiki mwema, akamletea hoja za kumtoa. "Nafasi ya kwamba umefunga sawa ni nusu. Tena zaidi ya nusu, kwa sababu nadhani niliirudisha. Na hata kama sivyo, wote wawili wamekufa, wote wawili wanazikwa. Nani atafunua jeneza aulize?"

"Alhamisi Mjomba anasaini hati kwamba kila mmoja yuko kamili."

"Na hatajua."

"Atakuwa amesaini kitu ambacho mimi najua hakijulikani."

"Wewe nawe! Unajua adhabu yake?"

Aliijua. Ilibandikwa mlangoni: atakayetoa uzi bila fundi, daftari lake la upasuaji linafutwa. Sifuri katika thelathini. Hapo ili afaulu ingempasa kupata hamsini katika sabini za mtihani wa vituo, na wastani wa darasa la mwaka uliopita ulikuwa arobaini na sita. Asiyefaulu anatomia hurudia mwaka mzima. Rula alikuwa ameyapiga mahesabu hayo kabla Redio hajakaa.

Nyumbani walikuwa wawili, yeye na mama yake, katika vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani. Jumanne jioni mama alikuwa anashona sare za shule huku Rula akila mezani, kati ya lundo la mikono ya mashati.

"Mbona unatafuna kama unahesabu?" mama aliuliza bila kuinua kichwa.

Rula akamwambia yote, kwa mpangilio, kama anavyoandika ripoti. Mama alisikiliza mguu ukiwa juu ya kanyagio, cherehani imesimama.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe amekufa, mama."

"Usinifanye mjinga. Nauliza mwenye funguo."

"Bado."

"Tangu jana?"

"Nilikuwa nafikiria kama kuna njia ya kujua bila kumwambia."

"Ipo?"

"Haipo. Kilichobaki kiko ndani ya fuvu, fuvu liko chumba cha baridi, ufunguo uko kiunoni mwake."

"Basi umeshamaliza kufikiria," mama alisema, akakanyaga. Baada ya mshono mmoja akaongeza, "Na rula yangu usije ukairudisha na mafuta ya maiti. Mimi nakatia nguo za watoto."

"Naiosha kila siku kwa sabuni na spiriti."

"Nimesema tu."

Jumatano saa mbili kasoro robo asubuhi Rula alimkuta Mjomba Uzi akipanga ndoo kwa ajili ya kurudisha bongo kwenye miili. Alimwamkia, akaitikiwa, akasema. Hakuanza na samahani; alianza na saa, kisha trei, kisha vibati, kisha alichoandika daftarini. Jina la Redio hakulitaja. Samahani aliiweka mwisho, ikasikika kama kitu kilichosahauliwa kwenye mfuko.

Mjomba aliweka ndoo chini.

"Tangu Jumatatu?"

"Tangu Jumatatu."

"Na jana asubuhi ukaniamkia."

"Ndiyo, Mjomba."

"Nikakuitikia marahaba." Alifuta mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja. "Miezi miwili nastaafu. Wamesema watanipa saa ya ukutani. Twende kwa Profesa."

Profesa aliwasikiliza akiwa amesimama. Hakumuuliza Rula kwa nini alifanya. Aliuliza kitu kimoja.

"Utajuaje?"

"Kwa kilichobaki fuvuni. Chungu kikivunjika, kigae hukubali chungu chake tu. Neva zikikatwa, sehemu inabaki kwenye ubongo, sehemu inabaki kwenye fuvu. Ilipo ndefu huku, itakuwa fupi kule."

"Pima bongo kwanza. Kisha uandike unachotarajia kukuta fuvuni kama vibati viko sawa, na unachotarajia kama vimebadilishana. Utie saini. Halafu ndipo tufungue. Sitaki mtu akitazama fuvu kwanza halafu akumbuke alichokuwa anatarajia."

Ubongo wenye kibati cha nne ulikuwa na neva ya macho ya kulia ya milimita tisa na ya kushoto ya milimita tatu. Neva ya kunusa ya kushoto ilikuwa imekatika katikati na kijichwa chake, ule uvimbe mdogo ulio kwenye ncha ya neva hiyo, hakikuwepo. Ya kulia ilikuwepo nzima, ila nyembamba isivyo kawaida, milimita mbili kwa upana. Ubongo wenye kibati cha saba ulikuwa na neva za macho sawasawa, tano kwa tano, na vijichwa vyote viwili vya kunusa. Rula aliandika: *Kama ni sawa, fuvu la nne litakuwa na kipande kifupi kulia, kirefu kushoto, na kijichwa cha kunusa kimebaki kushoto. Kama vimebadilishana, vipande vitalingana na hakutakuwa na kijichwa.* Akatia saini. Aliandika tarehe ya jana, ikambidi aikate.

Redio, aliyekuwa amekuja kusoma na kukuta mlango wa chumba cha baridi uko wazi, aliingia bila kuitwa. "Mimi ndiye niliyegeuza trei," alisema.

Mjomba alifungua mshono wa ngozi ya kichwa kwa utaratibu uleule aliokuwa ameushona nao, akainua kifuniko cha fuvu na kuelekeza taa. Profesa akampisha Rula. Ndani ya fuvu tupu kila tundu lilikuwa na kishina chake, kama bustani iliyovunwa. Rula aliinama na rula ya chuma.

"Kulia, milimita tatu." Akahamisha rula. "Kushoto, tisa." Kisha akasogeza taa mbele kidogo, kwenye kibao chembamba cha mfupa chenye vitundu kama chekecheo, juu ya pua. Upande wa kushoto kulikuwa na kitu cha kijivu, kidogo kuliko harage, kimegandia mfupani. "Kijichwa kipo."

Wakafungua na la saba. Tano na sita, hakuna kijichwa.

"Kwa hiyo alifunga sawa!" Redio alilipuka. "Si nilisema niliirudisha!"

"Ulisema unadhani," Rula alisema.

"Alifunga sawa," Profesa alikubali, akivua glavu. "Na hakujua. Mgonjwa akipona kwa namna hiyo, hongera ni ya mgonjwa." Akamgeukia Rula. "Daftari lako la upasuaji limefutwa. Sheria iko mlangoni na sikuiandika kwa ajili ya waliofunga vibaya peke yao. Wewe," akamwambia Redio, "umepunguziwa alama kumi kwa kugusa trei isiyo yako. Mtihani ni Jumatatu kwa wote."

Profesa alipotoka, Mjomba alileta daftari la chumba, akalifungua pale pa Jumatatu na kumpa Rula kalamu.

"Usifute. Piga mstari mmoja, maneno yasomeke chini yake. Anayekuja baada yangu aone."

Rula akapiga mstari mmoja juu ya *haujaguswa*, kwa rula, na kuandika pembeni: *Uliguswa. Kibati hakikuwa na uhakika kuanzia Jumatatu saa nne asubuhi hadi Jumatano saa tano. Umehakikishwa kwa kulinganisha neva. Sawa.* Mjomba akasoma hadi mwisho, akitikisa kichwa kwenye neno moja moja.

"Fundo lako si baya," alisema. "Ila umelivuta mno. Ungekata ateri."

Alhamisi asubuhi jamaa walikuja mmoja mmoja kwenye chumba cha nyuma, chenye viti vya plastiki na pazia safi. Wa Meza ya Nne alikuja binti yake, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, akiwa na mumewe na mikoba ya safari. Mjomba alimpa hati. Mwanamke aliisoma yote, kinyume na wengi, akainua macho.

"Mmeandika kamili. Kamili kweli? Nisamehe, lakini lazima niulize. Ndugu zangu hawakutaka kabisa aje huku. Wataniuliza."

Mjomba alimwita Rula, aliyekuwa mlangoni akibeba ndoo tupu. "Muulize huyu. Ndiye aliyehakikisha."

Rula aliweka ndoo chini. "Kamili," alisema. Kisha, kwa kuwa halikuwa jibu lililokamilika, akaongeza: "Kuna kipande kidogo cha neva ya kunusa, ya kushoto, ambacho hakikutoka na ubongo. Kilibaki fuvuni. Lakini nacho kimo, kiko mahali pake. Nimekiona kwa macho yangu."

Mume alimtazama kama mtu aliyeuliza saa akaelezwa jinsi saa inavyotengenezwa. Lakini binti wa marehemu akacheka, kicheko kifupi cha mshangao.

"Ya kunusa? Baba hakuwa na pua kabisa. Chakula kiungue, nyumba nzima itoke nje inakohoa, yeye yuko mezani anauliza kwa nini hatuli."

"Tangu lini?"

"Tangu nimjue."

Rula alikumbuka neva ya kulia, milimita mbili. Angeweza kumwambia kwamba huenda ndiyo sababu. Lakini mtu mmoja si ushahidi, na neva huweza kusinyaa kwa uzee. "Asante kwa kuniambia," alisema. Mwanamke akasaini, Mjomba akasaini chini yake, na jeneza likatolewa kwa mlango wa pembeni.

Mtihani wa vituo ulikuwa na vituo thelathini na tano, alama mbili kila kimoja. Kituo cha kumi na tisa kilikuwa na ubongo wa zamani wa chuo, uliopitia mikono ya vizazi na vizazi vya wanafunzi, na pini ilikuwa kwenye pengo la ile pete ya mishipa. Rula alipata. Vituo tisa na nusu hakupata. Matokeo yalibandikwa Ijumaa, na jioni mama yake akamuuliza kabla Rula hajavua viatu.

"Ngapi?"

"Hamsini na moja."

"Katika mia?"

"Katika sabini. Pasi ni hamsini."

"Na zile thelathini?"

"Hazipo."

Mama alikata uzi kwa meno, akaigeuza sare upande wa nje na kuikagua mshono kwa mshono. Alama moja juu ya pasi kwake ilikuwa kama sentimita moja ya kukunjia chini ya suruali: ndogo, lakini nguo haivaliki bila hiyo.

"Leta rula yangu," alisema. "Nina kola sita za kukata."

Rula akaenda kwanza kuiosha.